Masala Kulangwa na Sikio la Bibi Kizee

Wengi wenu mmepata kusikia, shuleni au vitabuni, habari za miungu na mashujaa wa Wayunani na Warumi wa kale: Zeus mwenye kutupa radi, Heracles aliyemwua simba kwa mikono mitupu, Achilles asiyeweza kudhuriwa ila kisiginoni. Ni habari tamu kusikilizwa, wala hatuwalaumu walimu wanaozifundisha. Lakini yuko kijana wa Nassa awezaye kuwataja wakazi wa mlima Olympus mmoja mmoja, na ukimwuliza Shing'weng'we alikuwa nani, atatazama chini. Hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu juma hili, ingawa si hilo peke yake, kama mtakavyoona.

Nassa iko ukingoni mwa Ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, njiani pa kutoka Mwanza kwenda Musoma. Siku hizi imo katika wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012. Injili ilifika hapa mapema kuliko sehemu nyingi za Usukuma: wamisionari wa Kianglikana walijenga Nassa kabla karne ya 19 haijaisha, na mwaka 1909 wakawaachia kazi ndugu wa Africa Inland Mission. Kabla ya hao wote, na kabla ya mapadre wetu, palikuwa na shikome, yaani moto wa samadi kavu uliowashwa jioni karibu na zizi. Hapo wazee walikota moto, na hapo vijana walifundishwa bila kujua kwamba wanafundishwa. Katika hadithi za shikome, ijulikanayo kuliko zote ni ile ya Masala Kulangwa. Waijuao watuvumilie, tuisimulie kwa ufupi kwa ajili ya wenzao.

Hapo kale palikuwa na zimwi, jina lake Shing'weng'we. Zimwi hilo likawameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao, asisalie mtu ila mwanamke mmoja mja mzito, aliyejificha katika lundo la makapi. Mwanamke huyo akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, maana yake mwenye akili afahamuye upesi. Mtoto alipopata kujua mambo, akamwuliza mama yake, "Mayu, mbona tuko wawili tu? Wenzetu wako wapi?" Mama akamjibu, "Mwanangu, wote walimezwa na Shing'weng'we. Tumebaki mimi na wewe."

Tangu siku hiyo kijana hakutulia. Akatoka, akaua panzi, akaja nyumbani akishangilia, "Mayu, nimemwua Shing'weng'we!" Mama akasema, "Huyo ni panzi, mwanangu. Tumchome tumle." Siku nyingine akaua ndege, siku nyingine paa, na kila mara akarudi na shangwe ile ile, na kila mara mama akamwambia kwamba siye. Mwisho akakutana na zimwi lenyewe. Akapigana nalo, akaliua, akalipasua. Akatoka baba yake, wakatoka jamaa zake, wakatoka watu wote na ng'ombe wao.

Wasimulizi wengi wa leo, wenye haraka, hukomea hapo, wakaruka moja kwa moja hadi siku watu walipomsimika kijana kuwa ntemi wao. Wazee hawakuruka. Walisema kwamba wakati wa kulipasua zimwi, kisu kilikata sikio la bibi kizee mmoja aliyekuwamo ndani. Bibi akatoka na hasira, akataka kumloga aliyemkata. Masala Kulangwa akatafuta dawa, akamponya sikio lake. Baada ya hayo ndipo wakamweka katika kiti cha utemi, na mama yake akawa mama wa ntemi.

Hadithi hii ina ndugu wengi. Kule Lesotho, mbali kusini, Wabasotho husimulia habari za zimwi Kholumolumo na kijana Senkatana aliyewatoa watu tumboni mwake. Ila kwao waliookolewa wakamwonea wivu mwokozi wao, wakamwua. Nayo Wayunani walikuwa nayo kwa namna yao. Hesiod, mshairi wao wa yapata miaka 700 kabla ya Kristo, asimulia jinsi Kronos, ambaye Warumi walimfananisha na Saturnus wao, alivyoonywa kwamba mtoto wake mwenyewe atampindua. Kwa hofu akawa akiwameza watoto wake kila walipozaliwa: Hestia, Demeter, Hera, Hades na Poseidon. Alipozaliwa wa sita, Zeus, mama yake Rhea akamficha katika kisiwa cha Krete, akalivika jiwe nguo za mtoto mchanga, na baba akalimeza jiwe. Siku ikafika Kronos akalazimika kuwatapika wote aliowameza. Jiwe lile, walisema Wayunani, liliwekwa Delphi; na Pausanias, msafiri wa karne ya 2 baada ya Kristo, aandika kwamba watu walikuwa wakilimiminia mafuta kila siku.

Basi mama mwenye kumficha mtoto, mlaji asiyeshiba, na kijana mmoja anayewarudishia wote uhai, hayo yote yalisimuliwa Krete na yalisimuliwa Nassa. Hatudhani kwamba mmoja alimwibia mwenzake. Hofu ya kumezwa ni ya wanadamu wote, na kila taifa limelala nayo usiku.

Lakini ufuateni ukoo wa Zeus hatua moja zaidi. Mke wake wa kwanza alikuwa Metis, jina ambalo kwa Kiyunani maana yake ni akili. Zeus alipoambiwa kwamba Metis ataweza kumzalia mwana mwenye nguvu za kutawala mahali pake, alifanya nini huyu aliyeponea chupuchupu tumbo la baba yake? Alimmeza mkewe pamoja na mimba yake. Masala ni akili. Metis ni akili. Huku Usukuma akili inaliua zimwi. Kule Olympus aliyeokoka katika zimwi anaimeza akili, ili kiti chake kisitikisike. Wayunani waliyaona hayo waziwazi na wakayasema, na kwa hilo tunawasifu. Miungu yao ilikuwa na nguvu, uzuri na maisha yasiyo na mwisho, ila haki haikuwa kazi yao. Mwanadamu kwao alikuwa kama mpangaji asiye na mkataba.

Hapa msomaji mmoja ataweza kuuliza: Je, gazeti la Kanisa lina shughuli gani na mazimwi? Jibu ni la kale. Mtume Paulo na Barnaba walipomponya kiwete huko Listra, watu wa mji walidhani miungu imeshuka, wakamwita Barnaba Zeus na Paulo Hermes, wakaleta ng'ombe wa kuchinja. Mitume waliyararua mavazi yao kwa uchungu, wakayakataa mambo yale. Hata hivyo hawakuwaambia watu wale kwamba kabla ya siku hiyo Mungu hakuwa nao. Waliwaambia kwamba mvua na mavuno ya shamba yalikuwa ushahidi wake siku zote (Matendo 14). Mtakatifu Yustino, mfiadini wa Roma katika karne ya 2, alizichukia hadithi za Zeus akiziita hila za mashetani, lakini yeye huyo huyo alifundisha kwamba mbegu za Neno zilipandwa kati ya watu waliomtafuta Mungu kwa akili njema. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya kazi ya umisionari, uliwataka Wakristo wazitafute mbegu hizo katika mapokeo ya mataifa yao kwa furaha na heshima. Padre David Clement wa Mapadre Weupe, mzaliwa wa Kanada, hakungoja hati hiyo. Tangu miaka ya 1950 huko Bujora, karibu na Kisesa, katika barabara hii hii ya Nassa, aliingiza ngoma na alama za utemi wa Wasukuma katika nyumba ya Mungu, na kando yake ikakua makumbusho ya Wasukuma ambayo watu huitembelea hata leo.

Kwa hiyo si jambo jipya kwamba makatekista na mapadre wa Usukuma wamemfananisha Masala Kulangwa na Bwana Wetu Yesu Kristo, na Shing'weng'we na dhambi na mauti. Mfano ni mzuri, ila tusiubebeshe mzigo kupita nguvu zake. Masala Kulangwa alilipasua zimwi akiwa nje, kisu mkononi, salama. Kristo aliingia tumboni. Alimezwa na kaburi kama Yona alivyomezwa na samaki, akakaa humo hadi siku ya tatu, na kaburi ndilo lililoshindwa kumshika. Hapo mfano unakatika, nao ukatike.

Mahali unapotushangaza si pale penye kisu. Ni pale penye sikio.

Fikirini, wasomaji. Watu wote wa dunia wametoka hai. Ng'ombe wamejaa bondeni. Kila mtu anamtafuta baba yake na mtoto wake, vigelegele vinapigwa. Katika wingi wa furaha hiyo kuna mtu mmoja mwenye jeraha, naye ni kizee, hana mume anayetajwa, hana mtoto anayetajwa, wala hadithi haikumpa jina. Tena si mpole. Anatukana na kutisha uchawi. Shujaa angeweza kusema: Nimekutoa katika tumbo la zimwi, nawe walilia sikio? Watu wangemwunga mkono. Angeweza kusema zaidi: Huyu ni mchawi, amekiri kwa kinywa chake mwenyewe, mwondoeni. Hapo pia wangemwunga mkono, na upesi. Hakusema lolote katika hayo. Alitafuta dawa.

Tumetafuta kati ya mashujaa wa Wayunani aliyefanya kama yeye, ili tusiwaonee, nasi tumempata mmoja. Achilles, akipigana katika nchi ya Misia, alimchoma Telephus kwa mkuki, na kidonda kikakataa kupona. Telephus akaambiwa kwamba aliyemjeruhi ndiye atakayemponya. Akaenda kwa Wayunani, na kutu ya mkuki ule ule ikatiwa katika kidonda, akapona. Hadithi nzuri sana. Lakini Telephus alikuwa mfalme, na Wayunani walikuwa hawaijui njia ya kwenda Troya. Walimponya, naye akawaongoza. Dawa ililipiwa. Bibi kizee wa Usukuma alikuwa na njia gani ya kumwonyesha Masala Kulangwa? Hakuwa na kitu cha kutoa ila hasira yake.

Wa kufananishwa naye hatumpati Olympus. Tunampata katika bustani ya Gethsemane. Wainjili wote wanne wanataja kwamba usiku ule upanga ulitolewa, na mtumishi wa Kuhani Mkuu akakatwa sikio. Mtakatifu Yohane anatupa majina: aliyekata ni Simoni Petro, aliyekatwa ni Malko. Lakini Mtakatifu Luka peke yake, ambaye Mtume Paulo amwita tabibu, ndiye aliyeandika kwamba Bwana alimgusa sikio mtu yule akamponya (Luka 22, 50-51). Alikuwa karibu kufungwa kamba. Malko hakuja kuomba kuponywa, alikuja pamoja na wenye marungu. Na angalieni tena: katika hadithi ya shikome mkono uliokata ndio ulioponya, katika Injili aliyekata ni mfuasi, aliyeponya ni Bwana. Tangu usiku ule wafuasi tumekuwa hodari wa kukata.

Sasa tuseme wazi kwa nini tumeandika. Katika nchi hii inayosimulia hadithi ya bibi kizee aliyeponywa sikio, vikongwe wameuawa kwa mapanga, mwaka baada ya mwaka, kwa kudhaniwa wachawi. Hesabu zilizokusanywa kwa miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha kwamba watu zaidi ya 3,600 waliuawa katika Tanzania kwa tuhuma za uchawi. Zaidi ya 2,200 kati yao walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa katika mikoa ya Wasukuma. Miaka ile imepita, lakini mauaji hayakwisha pamoja nayo. Sheria ya Uchawi iko tangu mwaka 1928, ikimwadhibu anayejifanya mchawi na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Sheria haikulizuia panga lijalo usiku.

Na alama ya mchawi ni nini? Macho mekundu. Mama aliyepika miaka hamsini juu ya moto wa samadi, kwa kuwa miti ya kuni imekwisha, ana macho ya namna gani? Moshi uliowachekesha watoto shikome ndio moshi uliomharibia bibi yao macho, na kwa macho hayo anahukumiwa.

Tumrudie kijana na panzi wake. Mtoto amekufa kwa homa katika nyumba moja. Msiba ni mzito, na anayelia hana budi kuuliza, kama Masala Kulangwa alivyouliza, wapendwa wake wamekwenda wapi. Swali ni la haki. Lakini badala ya kwenda zahanati, au baada ya kwenda wakiwa wamechelewa, watu wanakwenda kwa mpiga ramli chonganishi. Naye anatazama anachotazama, anamtaja jirani mjane. Mara nyingi mjane huyo ana shamba la mpunga, na mara nyingi yuko jamaa anayelitaka. Usiku kazi inafanyika. Asubuhi wanasema moyoni: tumemwua Shing'weng'we. Panzi yule angalau aliliwa. Wiki ifuatayo mbu wale wale wapo, dimbwi lile lile lipo, mtoto mwingine ana homa.

Yule mama wa lundo la makapi, ambaye wasimulizi humsahau, alikuwa na kazi ngumu kuliko mwanawe. Mara tatu, mara nne, kijana wake alikuja na furaha ya ushindi, naye mara zote ilimpasa kumwambia: siye. Angeweza kumwacha afurahi. Kina mama wa Busega, Itilima, Maswa, Meatu na Bariadi, ambao wana wao wanakuja usiku na kunong'ona kwamba wamemjua aliyeliua lile toto, wanaweza kulisema neno hilo moja. Vivyo hivyo mzee wa ukoo, mwenyekiti wa kitongoji, na padre, ambaye mara nyingine huyasikia mambo haya mapema na akaogopa kuchafua uhusiano. Tusimwachie polisi peke yake. Yeye huitwa baadaye.

Mtu asitusingizie kwamba tunawapinga waganga wote. Usukuma una bafumu wazijuao mizizi na majani, na shujaa wetu mwenyewe hakupata ntemi kwa kisu tu, alikuwa na dawa. Tunayempinga ni yule asiyeponya sikio la mtu hata mmoja ila kuwaonyesha watu pa kukata.

Wala hatudai kwamba kila kizee ni mtakatifu. Bibi wa hadithi alitaka kuloga; hadithi haimtetei, haisemi alisingiziwa. Hilo ndilo lililo kubwa ndani yake. Wazee wetu waliouogopa uchawi kweli kweli, waliouona kila mahali, walipotaka kuwaonyesha watoto mtu astahiliye kuwa ntemi wa dunia nzima, walimweka mbele ya mwanamke mwenye nia ya kumloga, wakasema: huyu alimponya. Kijana anayebeba panga kwenda nyumba ya kikongwe hawezi kusema kwamba anafuata mila ya babu zake. Babu zake walimwambia jambo jingine, jioni, motoni, akiwa na miaka sita.

Utemi wa nchi hii uliondolewa kwa sheria mwaka 1963, na shikome nyingi zimezimika. Redio na simu vimechukua nafasi yake. Lakini jumuiya ndogo ndogo hukutana kila juma katika nyumba za waamini. Tunaomba katika Nassa na vigango vyake hadithi hii isimuliwe upya humo, kabla au baada ya kusoma Luka sura ya 22, na isimuliwe na mwanamke mzee, aketi mbele, si karibu na mlango. Atakapofika penye sikio, asiharakishwe. Tumesikia kwamba pengine husimuliwa dawa ilipatikana kwa namna hii, pengine kwa namna ile, na kwamba maneno ya bibi akiwa na hasira hayafanani toka kijiji hadi kijiji. Watakaotuandikia namna hadithi inavyosimuliwa kwao mahali hapo, kwa Kisukuma au kwa Kiswahili, barua zao tutazipokea kwa furaha na kuzipa nafasi katika ukurasa huu.